Upinde Nilioufua kwa Sabuni

Acha nianze na aibu yangu, maana bila hiyo shukrani nilizonazo hazitaeleweka.

Nilipokuwa darasa la sita, baba yangu alialikwa shuleni siku ya kufunga muhula aje awapigie wazazi shiriri. Shiriri ni fidla ya kwetu magharibi mwa Kenya: kipande cha mti kilichochimbwa ndani, ngozi ya kenge upande mmoja, uzi mmoja na upinde mfupi. Baba alikuja na njuga mguuni. Alipoanza kupiga alifumba macho, akatikisa kichwa, na midomo yake ikawa inaufuata uzi. Wanafunzi wakaangua kicheko. Wengi hawakujua kwamba yule ni baba yangu, na mimi, ili wasije wakajua, nilicheka kuwashinda wote.

Juma lililofuata shiriri ilitundikwa juu ya meko, ikabaki huko ikila moshi. Mama alisema baba ameokoka na mambo ya dunia ameyaacha. Sikumwamini. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilitaka kumwomba baba msamaha nikakosa pa kuanzia, kwa sababu yeye si mtu wa maneno mengi, nami nina kiburi cha ajabu ambacho hunifanya nigombane na watu kuhusu kila kitu isipokuwa kile kinachoniuma.

Basi nikaenda Saudia na kiburi changu. Ilikuwa miaka ile ambapo ofisi za mawakala Nairobi zilijaa vijana wenye pasipoti mpya, na ukiulizwa uko wapi ukajibu kwamba bado uko nyumbani, watu walikuonea huruma. Kampuni iliyonichukua ilinipa kazi ya udereva Riyadh. Nilikabidhiwa gari jeupe na mzee mmoja Mmarekani, mhandisi wa maji, nimpeleke kazini na kumrudisha kwenye kampaundi wanakoishi wageni.

Kazi ya dereva Riyadh nusu yake ni vumbi. Unapangusa gari alfajiri, unapangusa adhuhuri, na msimamizi wetu alikuwa na tabia ya kupitisha kidole juu ya dashibodi na kukitazama. Mimi nilijivunia kwamba kidole chake kilitoka safi kila mara. Nilikuwa na vitambaa vinne, kila kimoja na kazi yake, na ole wake aliyegusa kitambaa changu cha vioo.

Siku moja nilifika mapema kumchukua mzee. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na ndani kulikuwa na sauti iliyonisimamisha pale barazani. Nilikuwa nimesikia fidla kwenye redio na kwenye filamu, zile za kulia kwa upole huku watu wakiagana. Hii haikuwa hivyo. Nyuzi mbili zilisema kwa pamoja, mmoja ukitoa wimbo na mwingine ukishikilia sauti ileile moja bila kuachia, na upinde ulikuwa ukikatakata kwa haraka kiasi kwamba mguu wangu ulianza kugonga kabla sijauruhusu. Wimbo ulikuwa mfupi. Ulipoisha ulianza upya, ukaanza tena, na tena. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akipiga.

Mzee alinikuta nimesimama pale na macho yangu hayakuwa makavu. Akaniuliza kama kuna habari mbaya kutoka nyumbani. Nikamwambia hapana, ila baba yangu ana kitu kama hicho chenye uzi mmoja. Tulichelewa kazini siku hiyo. Alinieleza kwamba huo ni muziki wa zamani wa milimani kwao, ambako babu yake alikuwa mkata mbao. Hakuna karatasi za nota za muziki. Unamsikiliza aliyekutangulia hadi mkono wako ukubali. Fidla yenyewe aliishikilia kifuani, si chini ya kidevu, na kila baada ya wimbo aliweza kukaza au kulegeza nyuzi upya, maana wimbo mwingine hautaki nyuzi za mwenzake. Nilimuuliza wimbo huwa unaisha lini. Akasema unaisha watu wakitosheka.

Baada ya wiki chache aliniazima fidla yake ya pili. Nilijifunza chumbani kwetu madereva, siku za Ijumaa, na ninawashukuru hadi leo wale nilioishi nao kwa kutonitupa nje. Mwenzangu wa kitanda cha chini, mlinzi kutoka Kisii, alinivumilia miezi miwili kisha akaketi na kuniuliza kwa heshima zote, "Buda, hiyo paka unaiua lini tupumzike?" Yeye ndiye aliyegundua kwamba ukibana kibanio cha nguo kwenye kile kibao kinachobeba nyuzi, sauti inapungua nusu. Alininunulia vibanio dazeni nzima.

Kisha mzee akaenda likizo kwao, miezi miwili, akaniachia fidla na upinde nivitunze. Wiki ya pili dhoruba ya mchanga ikapiga mji. Mchanga uliingia hadi ndani ya chai. Ulipotulia nikafungua kisanduku cha fidla, nikaona vumbi jeupe limejaa chini ya nyuzi na kwenye nywele za upinde. Kumbe vumbi lile lilikuwapo siku zote, lakini siku hiyo nililiona kwa macho ya msimamizi. Nikachukua kitambaa cha vioo nikaipangusa fidla ikang'aa. Upinde nikaufua. Niliufua kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto, nikausuuza mara tatu, nikauanika juu ya paa. Nilikuwa nikipiga mluzi.

Ulipokauka, nywele zake zilikuwa nyeupe na laini. Nikauweka kwenye uzi na kuvuta. Hakuna kitu. Upinde uliteleza kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, kimya. Mlinzi wetu alifurahi kwanza, halafu akaniona uso, akaacha.

Nilijua nimeharibu mali ya mtu aliyeniamini. Namba ya simu ya mzee huko kwao sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu kuipiga. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nikanunua kadi ya simu nikampigia mtu pekee niliyemjua ambaye aliwahi kushika upinde. Tangu nije Saudia, mazungumzo yangu na baba yalikuwa mvua, ng'ombe, na mpe mama simu. Nikamwambia kwa mkupuo: baba, nimeufua upinde wa fidla na sasa hautoi sauti.

Nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu utotoni: baba akicheka hadi akakohoa.

"Umeufua," akasema. "Kwa sabuni?"

Nikakiri. Akaniambia kwamba vumbi lile jeupe halikuwa vumbi. Ni utomvu wa mti uliokauka. Unausugua kwenye upinde, ndio unaoukamata uzi na kuufanya ulie. Bila utomvu upinde haufai hata kuchapia kuku. Yeye alikuwa akibandika donge lake kwenye mwili wa shiriri kabisa, lisimpotee. Nitafute utomvu, akasema, nisugue bila haraka, mambo yatakuwa sawa. Alieleza kwa dakika kumi nzima, mti gani unafaa na upi haufai, hadi kadi ikaisha. Nilibaki nimeishika simu. Baba yangu alikuwa amezungumza nami kuhusu shiriri, na jengo lilikuwa bado limesimama.

Ijumaa hiyo nikaenda Batha, mtaa wa masoko. Riyadh haina misitu, lakini Batha ina kila kitu. Kwenye duka la viungo nikanunua ubani, maana ubani nao ni utomvu wa mti. Nikausugua hadi mkono ukachoka. Upinde ulitoa sauti ya mlango mbovu, na chumba chote kikanukia kama nyumba yenye harusi. Nikarudi Batha. Fundi mmoja wa simu, Myemeni, alikuwa akichomelea waya, na kabla ya kuchomelea alichovya ncha ya chuma kwenye kikopo chenye kitu cha manjano kama kioo. Moshi wake ulinukia mti. Nikamuuliza kwa Kiarabu changu cha barabarani kama kile kitu ni cha mti. Akasema ndiyo, cha msonobari. Nilipomweleza ninachokitakia alinitazama kama mtu aliyepigwa jua, akanipa kikopo kizima na kukataa malipo. "Yalla," akasema, akanifukuza kwa mkono.

Niliposugua ule wa manjano, uzi ulilia kwa mvuto wa kwanza. Mlinzi akajifunika mto kichwani.

Mzee aliporudi nilimweleza yote kabla hajashusha mabegi. Aliuchukua upinde, akaunusa, akaendelea kuunusa, kisha akakaa kwenye ngazi akicheka huku akijifuta machozi. Hakunikemea hata kidogo. Alisema babu yake naye alikwangua utomvu kwenye misonobari kwa kisu, na kwamba ningemfaa babu yake.

Kuanzia hapo baba akawa na swali jipya kila nilipopiga simu, baada ya mvua na kabla ya ng'ombe: fidla inaendeleaje? Siku moja nikamwomba aniimbie kwa mdomo ule wimbo aliokuwa akiupiga jioni akitoka shambani. Alijifanya ameusahau. Simu iliyofuata akauimba bila kuombwa, bila maneno, nami nikaurekodi. Kuhusu ile siku ya shule hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa nikikaribia, halafu ninamuuliza habari za ng'ombe.

Mwaka uliofuata mzee alihamishiwa Jeddah akaomba nihamishwe naye. Ofisi iliandika barua, ikama yangu, yaani kibali cha kuishi, ikabaki kwenye kampuni ileile, nikapata kitanda mtaa wa Sharafiya. Jeddah ina unyevu wa bahari. Nyuzi zililegea kila siku na nilizilaani kila siku. Lakini Ijumaa alasiri, nyumbani kwa mzee, walikuja wenzake wawili, mmoja na banjo na mwingine na gitaa, wakakaa kwenye duara magoti yakikaribia kugusana. Mara ya kwanza nilibaki mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Mzee akavuta kiti cha nne.

Sijui kama wao walijua kiti kile kilikuwa nini kwangu. Nilikuwa nimeishi miaka mitatu nikiangalia nyuso za watu kwenye kioo cha gari. Katika duara lile hakuna anayepiga peke yake akishangiliwa. Wote mnapiga wimbo mmoja, mnaurudia hadi mnapotelea ndani yake, na aliyeuanzisha akiona inatosha hunyanyua mguu mmoja, kila mtu anajua kwamba hii ni raundi ya mwisho. Ukikosea, duara linakubeba. Nilikosea sana, na nilibebwa sana.

Ule wimbo wa baba ulinisumbua karibu mwaka mzima. Haukukaa popote kwenye nyuzi nne. Hadi mzee aliponionyesha jinsi ya kulegeza uzi mmoja ili uwe sawa na jirani yake, ndipo ukakaa, na uzi wa pembeni ukawa unaunguruma kama zamani. Ijumaa ile niliuanzisha mimi. Wale watatu waliusikiliza mara mbili, ya tatu wakaingia. Wimbo wa baba yangu, uliochekwa kwenye uwanja wa shule, ukapigwa Jeddah na watu wazima waliofumba macho. Niliurudia sijui mara ngapi, kwa kuwa sikutaka kunyanyua mguu.

Nilirudi Sharafiya kabla ya magharibi, nikampigia baba. Siku hizo tulikuwa tumeanza kupiga kwa mtandao. Nikaiegemeza simu kwenye birika, nikampigia wimbo wake kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza nikajua nikingoja tena nitauliza habari za ng'ombe.

"Baba," nikasema, "ile siku ya kufunga shule. Na mimi nilicheka."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho, lakini kicheko chako nilikitambua kati ya vyote."

Nikamwomba msamaha. Sauti ilinikatika, nikarudia, ikatoka vibaya zaidi. Akaniacha nimalize. Akasema nilikuwa mtoto, na watoto huona haya. Shiriri aliitundika nisije nikaona haya tena, na hilo halikumuuma kama nilivyodhani. Kilichomuuma ni kukosa wa kumwachia.

"Sasa piga tena," akasema. "Pale katikati unakimbia. Unakimbilia wapi?"

Nikaufuta uso kwa kitambaa cha vioo, nikaweka upinde juu ya uzi. Nilipofika raundi ya pili nikamsikia akiimba, safari hii kwa maneno yake. Mtandao ulimchelewesha, akawa nyuma yangu kidogo kila mstari. Nikapunguza mwendo, nikamngoja.