Mama Alipofunika Ufa

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko nyuma ya soko la Kamembe, na masika yale ukuta wa chumbani ulipasuka ufa wa kuingiza mkono. Watu wa sekta, yaani serikali ya eneo letu, wakaja wakachora alama nyekundu mlangoni: tuhame kabla mlima haujatushukia. Tuhamie wapi? Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alishafariki, na mama aliuza maandazi. Serikali ilikuwa inatoa kiwanja na mabati kwa wasio na pa kwenda, ila lazima kwanza waje waone mtu anaishije.

Sasa sikia alichofanya mama. Kwetu sisi Waswahili wa Kamembe, mgeni haingii akakuta unyonge. Hata ukilala na njaa, asubuhi unatoka nguo imepigwa pasi. Aliposikia wanakuja, alizunguka kwa majirani: huku mkeka mpya, huku vikombe vya maua, na kwa jirani yetu wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwuza vitenge, akaazima pazia zito la kijani. Akalitundika wapi? Juu ya ufa!

"Mama, si ndicho wanachokuja kuona?"

"Nyamaza weye! Alama iko mlangoni, wataiona. Unataka muntu wa serikali anikute kama mwendawazimu?"

Wakaja wawili. Wakanywa chai ya tangawizi, wakala maandazi ya moto, wakasifu. Mkubwa wao akainuka, akasema kwa heshima kabisa, "Asante sana, Maman. Mungu akuzidishie. Lakini hapa kwako tunaona uko sawa, unaweza kuhama mwenyewe. Mabati tutapelekea benye banateseka."

Mama akawatabasamia mpaka walipopotea njiani. Kisha akakaa juu ya ule mkeka wa watu. Nilikuwa na hasira naye, maana mvua ilikuwa haijaisha.

Ilibaki njia moja, mkutano wa mtaa. Pale majirani huketi kwenye majani, wakasema mbele ya wote nani anastahili msaada, halafu mikono hunyooshwa kumkubali. Jirani wa vitenge akasimama: "Mimi ninamujua huyu maman. Vitu mulivyoona kwake..."

"Kaa chini, dada yangu," mama akamkata. "Nitasema mwenyewe."

Akasimama, akavuta mtandio wake vizuri. "Vikombe si vyangu. Mkeka si wangu. Nyuma ya pazia kuna ufa, na batoto bangu banalala chini yake. Sina pa kubapeleka. Ninaomba."

Neno la mwisho alilisema kwa sauti ya chini. Mwenyekiti, mzee mpole, akamwambia arudie kwa sauti, walioketi nyuma hawakusikia. Ya Rabi! Arudie!

"Ninaomba," mama akasema.

Nyumba tulipata. Majirani walewale ndio waliotubebea mabati siku ya umuganda, ile Jumamosi ya kazi ya pamoja, na wakatukandikia kuta bila kudai hata chai. Nawashukuru, nitawashukuru mpaka naingia kaburini. Lakini pale mkutanoni, mikono ilipoinuka yote, hata ya watu ambao mama aliwahi kuwalisha, na yeye amesimama katikati yao akitazama chini, sikufurahi. Nilitamani mikono ile ishuke, yote, hata kama tungekosa nyumba.