Udongo wa Zubaida na Jicho la Komando

Ondiek, mlinzi wa ghala la samaki huko Luzira, hakumwamini mtu wala kufuli. Alifunga, akavuta, akaondoka, akarudi kuvuta tena. Aliyemwamini ni Komando peke yake, mbwa wa ghala. Na tajiri mwenye ghala alikwisha kuonya kwamba mbwa kipofu hapewi nyama, hupigwa risasi.

Siku moja Komando aliingiza ulimi katika sufuria ya Zubaida, muuza chapati wa ng'ambo ya barabara, Mwislamu ambaye mababu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Zubaida hakugomba. Alichota udongo, akaukoroga kwa maji, akaisugua sufuria, kisha akaisuuza tena na tena huku akihesabu kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Ondiek, Mkristo kutoka Kisumu, alichungulia yote kupitia tundu la lango. Akakata shauri: ule si usafi, ni uganga.

Wiki haikwisha, jicho la kushoto la Komando likawa jekundu, kisha likafanya ukungu.

"Jirani," Zubaida alimwita, "jicho la mbwa wako linavimba. Mpeleke kwa daktari."

"Wewe umejuaje?"

"Nina macho, baba. Yangu bado yanafanya kazi."

"Na udongo ule ulikuwa wa nini?"

"Wa kuoshea sufuria iliyolambwa na mbwa. Au ulitaka nikuuzie chapati zenye mate yake?"

Ondiek hakucheka. Alimfungia Komando stoo, husuda isimfikie, akawa anamkanda kwa maji ya chumvi. Na hili lazima lisemwe wazi: tunaishi lango kwa lango miaka na mikaka, tunakula chapati ya jirani, lakini dini yake hatumwulizi, tunaichungulia. Ni aibu, na aibu hiyo ina gharama.

Gharama ilionekana Komando alipogonga mwimo wa mlango kwa upande wa kushoto. Ndipo Ondiek alipomkimbiza kwa Daktari Amony, tabibu wa mifugo.

"Ni pilipili au ni dawa ya kienyeji?" alidai. "Niambie, nimpeleke mtu polisi."

Amony alimulika jicho, akalipima.

"Pilipili huchoma mbele, bwana. Hapa pameharibika nyuma. Maji ya ndani ya jicho yamekosa njia ya kutokea, yakazidi kusukuma. Nyuma kuna utando unaopokea mwanga, retina. Seli zake zinazopeleka habari kwenye ubongo zimebanwa mpaka zikafa. Zikifa, hazioti tena."

"Hata kwa sindano?"

"Hata kwa sindano. Ungekuja siku lilipokuwa jekundu, pengine tungeokoa kidogo."

Siku hiyo Ondiek aliikumbuka, na sauti iliyomwita aliikumbuka.

"Na la kulia?"

"Huwa linafuata. Matone haya, kila siku bila kukosa, yanaweza kulichelewesha. Lakini uwe na mtu wa kumshika kichwa."

Asubuhi iliyofuata Komando alimtupa Ondiek kando, na dawa ikamwagikia shati. Ondiek aliitazama chupa, akaitazama barabara. Akavuka.

"Mama Zubaida… nina shida."

"Leo mimi si mganga?"

Zubaida alifunika chapati zake, akavuka naye, akakishika kile kichwa kikubwa kwa mikono miwili. Tone likaingia katika jicho la kulia. Komando akapiga chafya, akamlamba kiganja.

Kabla Zubaida hajasema neno, Ondiek alikwisha kuinama, anachota udongo wa kuoshea kiganja.