Sumaku ya Mama Mkwe

Mtaani kwetu fundi wa malori ni mwanamke, na hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Spana. Alijifunza kazi kwa baba yake, akarithi gereji yake, kisha akaolewa na dereva mmoja mpole aliyekuja kubadilisha springi za lori lake na baada ya hapo akawa haishi kurudi. Leo breki zinalia, kesho kuna kitu kinagonga. Spana alikagua hadi akachoka.

"Lori lako halina ubovu," akamwambia. "Sema unachotaka."

Akasema.

Ndoa yao ilikuwa na raha, ila mama wa yule dereva hakuipokea kwa moyo mkunjufu. Yeye ni fundi cherehani, mama nadhifu kupindukia, na alikuwa ametamani mkwe wa kukaa naye wakipinda mapindo na kushona vifungo. Akaletewa mtu mwenye oili chini ya kucha. Hawakugombana. Walisalimiana, wakajuliana hali, wakaishia hapo. Ila kila Spana alipokwenda kumtembelea, mama mkwe alitandika gazeti kwenye kiti kwanza, ndipo akamkaribisha kuketi.

Sasa lile lori lilikuwa la zamani, na tangi lake la dizeli lilikuwa limeota kutu kwa ndani. Kila likipanda mlima wa kwenda kwenye machimbo ya kokoto, linakohoa, linaishiwa nguvu, linazimika. Ukifungua filta ya dizeli unakuta imeziba. Spana alilishusha tangi akaliosha, lakini kutu ile laini haikwisha. Madereva wengine wakaanza kumpigia mumewe simu kumuuliza mgonjwa wa pumu anaendeleaje.

Jumapili moja mchana walikwenda kula kwa mama. Kabla chakula hakijapakuliwa, kopo la pini likaanguka kutoka mezani, pini zikatapakaa sakafu nzima. Spana akainama kuziokota.

"Acha, utajichoma," mama mkwe akasema. Akavuta droo ya cherehani, akatoa sumaku ya duara yenye tundu katikati, imefungwa kamba. Akaiburuta sakafuni taratibu. Pini zikairukia, zikaning'inia zote.

Spana akabaki amepiga magoti pale pale.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Kwenye spika ya redio ya marehemu baba yenu. Ilipokufa nikaipasua."

"Naomba uniazime."

"Ya nini?"

"Lori nalo lina pini zake."

Mumewe akacheka. Mama mkwe hakucheka, alitaka kuelezwa. Spana akamweleza kwamba vyuma vya injini vikisuguana hutoa unga mwembamba, na unga huo huzunguka na oili. Filta hukamata chembe kubwa, ndogo hupenya na kuendelea kukwangua. Na ile kutu ya kwenye tangi, nyingine hushikwa na sumaku pia. Mama mkwe akauliza swali, kisha jingine. Dereva akaishia kujipakulia mwenyewe.

Kesho yake Spana akaibandika sumaku kwa nje ya kopo la filta ya oili, akaikaza kwa mpira wa tyubu. Safari ya kwanza tu, mashimo ya barabarani yakaichomoa. Mumewe alipiga simu kwa sauti ya msiba.

"Sumaku ya mama imepotea. Nitamwambia nini?"

"Umetazama chini ya lori?"

Akalala chini akatazama. Ilikuwa imeng'ang'ania ekseli kama kupe. Mara ya pili Spana akaifunga kwa klempu ya chuma, ikatulia.

Ndipo mama mkwe akaanza kufika gereji. Mwanzo alisema anapita tu, akaulizia sumaku yake, akaondoka. Baadaye akawa anakaa, na Spana akawa anamtandikia gazeti kwenye stuli. Siku ya kubadilisha oili alikuwepo. Spana aliifungua filta ya zamani, akalikata kopo lake kwa msumeno wa chuma, akaligeuza kwenye mwanga. Kwa ndani, sawasawa na pale sumaku ilipokuwa, palikuwa na tope jeusi zito, laini kama wanja. Mama mkwe akachovya kidole, akakisugua na kidole gumba.

"Hii yote ilikuwa inatembea ndani ya injini ya mwanangu?"

"Yote, mama."

Hakuomba kitambaa. Alikaa na vidole vyeusi, anavitazama, na Spana anasema hapo ndipo alipojua wameshapatana.

Kilichobaki kilikuwa dizeli. Mama mkwe akawazungukia mafundi redio mwenyewe, akarudi na mkoba umejaa sumaku za spika mbovu, zimeshikana hata kuzitenganisha ilikuwa mieleka. Spana akachagua moja, akaifunga chini ya kile kikombe cha kioo ambacho dizeli hupitia kabla ya kufika kwenye filta. Wakawasha injini. Baada ya muda chembe za kutu zikaanza kujikusanya chini ya kioo. Nyingine zilipita, lakini nyingi zilibaki.

"Mnakwenda kulijaribu mlimani?" mama mkwe akauliza. "Na mimi naenda."

Hakuwahi kupanda lori la mwanawe. Wakamsukuma kwa nyuma, wakamvuta kwa juu, akaketi katikati yao na pochi mapajani. Mlima ukaanza. Dereva akabadilisha gia, injini ikanguruma nzito. Pale lilipozoea kuzimika wakapapita, na mama mkwe, asiyepajua, peke yake ndiye aliyekuwa akipumua vizuri. Kisha akaona wale wawili wanatazamana na kucheka, akacheka nao mpaka kilemba kikamlegea.

Kule juu madereva walikuwa wamejipumzisha. Walipoliona lile lori limefika bila kusukumwa, wakalizunguka. Mama mkwe akashushwa, akawafungulia darasa. Akasema sumaku huvuta uchafu wote, mchanga, maji na hata moshi. Spana alingoja amalize, ndipo akasahihisha kwa upole: inashika chuma tu, maji lazima uyamwage, na filta utaendelea kubadilisha kama kawaida.

"Mwanangu," mama mkwe akamnong'oneza, "watu walikuwa wameshakubali."

Siku hizi malori mengi ya machimboni yana sumaku, na lile lililokuwa na pumu linapanda mlima na mzigo wake bila shida. Mama mkwe amehamishia cherehani gereji, pembeni kwenye upepo, anashona maovaroli ya mafundi. La Spana amelitarizi maua kwenye kola. Spana analivaa hivyo hivyo, na wakiwa pamoja ndani ya lori, dereva akilitazama sana anaambiwa achunge barabara.