Nilivyoigomea Programu ya Bosi

Bibi mmoja wa miaka themanini aliishika picha yake mwenyewe, akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena, kisha akaniuliza kwa upole:

"Mwanangu, huyu marehemu ni nani?"

Nilidhani ananitania. Wala hakuwa anatania.

Mimi ndiye niliyempiga hiyo picha, studio, siku tatu kabla. Mjukuu wake ndiye aliyemleta, alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Bibi ni mweusi tii, ana kidoti kando ya pua, na mikunjo usoni ambayo ukiiona tu unajua huyu mtu amecheka sana maishani.

Kwenye ile picha kidoti hakipo. Mikunjo hakuna. Uso umekuwa wa kijivujivu, laini kama sahani iliyooshwa.

Mjukuu akanitazama. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema nitairudia.

Ngoja nieleze, maana kuna wasiojua haya mambo. Kamera ya kidijitali inaweza kukupa picha ambayo imeshaipika yenyewe, unaipokea kama ilivyo. Au inakupa picha mbichi: kila kilichoingia kwenye lenzi kimo, ila lazima uipike mwenyewe kwa programu ya kompyuta. Sisi tulikuwa tunapiga mbichi. Tatizo lilikuwa mpishi.

Bosi alikuwa ameleta programu moja ambayo ukiifungulia picha tu, yenyewe inalainisha ngozi na kumpaka mtu weupe. Ukiizima hiyo tabia leo, kesho unakuta imerudi. Bosi akaipenda kufa. Sote wanne tukaamriwa tutumie hiyo hiyo.

Nikaenda kumwambia. Hakuinua hata uso kwenye simu yake. Akasema wateja wanapenda weupe, na hajawahi kuona mtu akilalamika kwamba amependezeshwa mno.

"Bibi amelalamika," nikamwambia.

"Bibi haoni vizuri."

Mimi nina kichwa kigumu. Mama yangu alikuwa akisema siku ninazaliwa ubishi ulitangulia, mimi nikafuata.

Nikajisemea: programu nitajichagulia mwenyewe.

Jumapili nikakaa na kompyuta yangu ya nyumbani, ya kitambo, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Mtandaoni kila mtu anasifia yake, na picha zao za mfano zote nzuri: milima, maua, kikombe cha kahawa. Nikaona hapana. Kwangu mtihani ni mmoja tu, picha ya Bibi.

Programu ya kwanza ilikuwa nyepesi na ya kupendeza, ila haikulitambua faili la kamera yangu. Tukaachana kwa amani.

Ya pili ilifungua vizuri, lakini nikisogeza kitu kimoja kompyuta inaganda. Naenda kuosha vyombo, narudi, ndiyo kwanza inafikiri.

Ya tatu ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea, na sura yake inatisha. Vitufe vingi kama chumba cha rubani. Wiki ya kwanza Bibi alitoka kijani. Wiki ya pili zambarau. Mume wangu akapita nyuma yangu, akauliza kwa heshima kama huyo mama anaumwa.

Lakini ile programu ilikuwa na jambo moja. Haikufanya chochote ambacho sikuiambia.

Jumapili ya nne nikapandisha mwanga kwenye vivuli taratibu, weusi nikauacha uwe weusi. Kidoti kikatokea. Ndani ya mboni za Bibi nikaliona dirisha la studio, na mimi mwenyewe nimesimama na kamera.

Nikaichapa, nikampelekea nyumbani kwake. Aliishika, akaitazama. Kisha akamwita mjukuu.

"Njoo. Huyu ndiye aliyekulea."

Bosi aliposikia, akawaka. Akasema ndani ya studio yake hakuna mtu atakayetumia programu za kuokota. Nichague, programu yake au mlango.

"Mlango naujua ulipo," nikamjibu.

Nikachukua kamera yangu na sweta lililokuwa nyuma ya kiti. Fundi wa taa akanisindikiza hadi nje, akaniambia mimi ni mjinga. Halafu akaniomba nimfundishe ile programu.

Nikapata kona kwenye duka la fundi cherehani. Siwadanganyi, miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa migumu. Kuna wiki nilipiga picha mbili tu, zote za pasipoti. Waliokuja wakitaka weupe niliwaelekeza kwa Bosi, bila kinyongo.

Mara siku moja, mchana, Bosi akanipigia. Sauti tamu kama asali. Nipite studio, ana kitu cha kunionyesha.

Nikaenda. Sikwenda kwa kutii, nilikwenda kwa sababu na mimi napenda kuona.

Ukutani, mkabala na mlango, palikuwa na picha kubwa ya binti yake siku ya harusi. Weusi unang'aa, kijasho juu ya mdomo, anacheka meno yote nje. Wateja wawili walikuwa wamesimama mbele yake wakisema nao wanataka hivyo hivyo.

Bosi akaweka mikono nyuma. Mbele ya wenzangu wote akaniambia nitazame vizuri, nione programu niliyoidharau inavyofanya kazi ikipata wenye akili.

Nikaitazama. Picha ile nilikuwa naijua unywele kwa unywele.

Binti yake akatoka chumba cha ndani.

"Baba," akasema, "ile uliyonipa wewe ilikuwa nyeupe mpaka mama mkwe akadhani umekosea harusi. Nilichukua mafaili mabichi kwenye kompyuta yako nikampelekea huyu. Hii uliyoikuta kwangu, ukadhani ni ya programu yako, ukaja kuitundika hapa, ameipika yeye."

Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama picha upya. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kurudi kazini.

Nikamwambia nitarudi siku kila mfanyakazi wake atakapoachiwa ajichagulie programu, na mteja akaulizwa kwanza kama anataka sura yake au ya mtu mwingine. Akasema atafikiria.

Nikamwambia afikirie kwa raha, mimi nina kazi zinanisubiri.

Nikatoka. Wale wateja wawili wakanifuata.

Ndugu yangu unayesoma, ukitafuta programu ya picha mbichi usifuate sifa za watu. Chukua picha yako ngumu kuliko zote, ya mtu unayemjua sura, uijaribu kwenye kila moja. Itakayokuachia wewe neno la mwisho, hiyo ndiyo yako. Na mtu akikwambia watu wako hawapendezi mpaka wafutwe, usibishane naye sana. Wapige picha, uwaonyeshe walivyo.