Udi Uliniumbua Kurasini

Siku hizi mie nikisikia harufu ya udi, namshukuru Mungu. Ngoja niwaambie kwa nini.

Bi Zuhura wa Kurasini alinipa kazi kwenye chumba chake kipya cha baridi, cha kuhifadhia samaki. Uwazi kati ya fremu ya mlango na ukuta huzibwa kwa povu la kopo, lile linaloganda: unapuliza tabaka jembamba, likikauka ndipo unaongeza jingine. Mie na haraka zangu nikajaza lote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi nikalikuta limepasuka kuanzia juu mpaka chini. Badala ya kulikata na kujaza upya, nikaupaka ufa puti nyeupe. Fundi mzima!

Siku ya kukabidhi kazi nikaegemea palepale penye ufa, kwa nje, natabasamu. Bi Zuhura hafungui biashara bila kufukiza, basi akaweka chetezo cha udi katikati ya chumba, akatoka, akaubamiza mlango. Puti ikaachia. Moshi ukachomoza begani kwangu, mwembamba, taratibu.

“Bahati yako samaki wanaingia wiki ijayo,” akasema. “Utarudia yote.”

Nikashusha pumzi. “Ahsante, mama.”

“Ila niambie, fundi, ukuta wangu umeanza lini kuvuta sigara?”