Kabla Hujaiwasha Filamu

Mwanangu, siku niliyotoka darasani huku mkufunzi akiniita jina naikumbuka kuliko hata siku niliyopewa cheti. Imenirudia jana, uliponionyesha ile filamu ya uzazi unayotaka kuwawekea wanafunzi wako wiki ijayo, macho yakikung'aa kwa furaha. Sikukukatisha. Nilifurahi, maana chuo changu cha zamani kimepata mkufunzi kijana asiyependa kusoma notsi mpaka watu wasinzie. Lakini nina jambo la kukuambia kabla hujaingia darasani, na unajua mimi nikianza simalizi upesi, kwa hiyo vuta kiti.

Wakati wetu projekta zilikuwa hazijafika hapa Morogoro, au kama zilifika basi zilipita mbali na chuo chetu cha uuguzi. Tulikuwa na televisheni moja yenye mgongo mkubwa na deki ya kaseti, vinasukumwa kutoka ofisini kwenye meza ya magurudumu. Mimi nilikuwa kijana niliyeoa mapema. Mke wangu alikuwa kijijini kwao Mlali, nami nimepanga chumba mtaa wa Mafiga, hapa mjini. Siku ya kwanza ya masomo nikaingia darasani nikitafuta pa kukaa, na nani nimkute pale katikati, sare imenyooshwa vizuri? Mama mkwe wangu.

Usicheke. Alikuwa mhudumu wa zahanati kwa miaka mingi, na mwaka huohuo akapelekwa kusomea uuguzi. Nilijua anakwenda masomoni ila sikujua ni chuo kipi, na kwetu mtu hamhojihoji mama mkwe safari zake. Nikamwamkia nikitazama sakafu, naye akaitikia akitazama nje. Kuanzia hapo mimi nikakaa kona ya mlangoni, yeye kona ya dirishani. Akitokea kwenye korido, mimi nakata kona. Wenzetu walitufanya kichekesho cha darasa, lakini tulizoea.

Mkufunzi wetu wa ukunga alikuwa Madam Neema, binti mkali aliyesoma vizuri, mzaliwa wa mbali, asiyejua nani kati yetu ni nani kwa nani. Siku hiyo alifunga mapazia, akazima taa, akabonyeza deki bila kusema zaidi ya "Tazameni kwa makini." Tukaona chumba cha kujifungulia, mama kitandani, mkunga pembeni. Sikujua picha inaelekea wapi mpaka ilipofika. Ikaja yote, wazi kabisa, na hatua chache kutoka nilipo amekaa mwanamke aliyemzaa mke wangu. Mambo hayo sisi watu wa huku Uluguru hata kuyataja mbele ya mkwe ni kuvunja heshima, sembuse kuyatazama pamoja gizani. Nikasimama.

"Mkude, unakwenda wapi?"

"Naomba kutoka, Madam."

"Unaumwa?"

Ningesema nini? Sababu yenyewe ilikuwa imekaa dirishani, na kuitaja kungekuwa aibu kubwa kuliko kubaki.

"Basi sikiliza. Anayeona kinyaa kutazama mama akijifungua, wodini simpeleki. Na asiyekwenda wodini, chuo hiki hamalizi."

Nikatoka.

Nilisimama kwenye mabomba ya kunawia, naitazama milima iliyofunikwa na ukungu, nikijipongeza. Ndiyo, nikijipongeza! Nilikuwa na hofu ya kufukuzwa, lakini moyoni nilijiona mwenye adabu kuliko darasa zima. Nikaanza kupanga nitakavyomweleza mke wangu kwamba chuo kimenishinda kwa sababu ya kumheshimu mama yake.

Kipindi kilipokwisha, Zuhura akanifuata. Huyu alikuwa kiranja wetu, na pia mjumbe kati yangu na mama mkwe, maana yetu yote yalipitia kwake.

"Kaka, nimetumwa," akasema. "Na nimeambiwa nisipunguze hata neno. Mama anasema hakuacha nyumba yake na wajukuu kule Mlali ili aje kukutazama ukikimbia darasa. Anasema wodini utakuta wake za watu na mama wakwe wa watu. Utawakimbia wote? Anasema kama kweli unamheshimu, soma."

Nilipata aibu ambayo sijaipata tena maishani. Heshima yangu yote ile ilikuwa inaelekea kumwachia binti yake mume asiye na kazi.

Mama mkwe hakuishia hapo. Alimfuata Madam Neema ofisini akamweleza kwamba yule kijana ameoa kwake. Zuhura, aliyemsindikiza, alituambia Madam aliziba mdomo kwa mikono miwili. Akataka kuirudia filamu kwa zamu, wanaume siku yao na wanawake siku yao. Mama mkwe akakataa. "Wodini hakuna siku ya wanaume," alisema. Aliomba tu mapazia yafunguliwe, na mimi nikae mbele kabisa, yeye nyuma kabisa, ili asinione uso nikitazama wala mimi nisimwone.

Ndivyo tulivyoitazama mara ya pili, mchana mweupe. Na safari hii Madam hakukaa kimya. Aliisimamisha picha kila baada ya muda na kutuuliza. Akarudi mwanzo, pale mkunga anapoingia chumbani. "Hapa amefanya nini kwanza?"

"Amenawa mikono," darasa likaitika.

Madam akakubali, akataka kuendelea. Nikanyoosha mkono. "Madam, kabla ya kunawa aliongea na yule mama. Alimwambia anachotaka kumfanyia."

Akarudisha kaseti nyuma. Kweli, ilikuwa hivyo.

"Halafu akangoja," ikasema sauti kutoka nyuma. "Hakumgusa mpaka mama alipoitikia kwa kichwa."

Alikuwa mama mkwe. Tangu nimwoe binti yake, sisi wawili hatukuwahi kuchangia mazungumzo pamoja. Darasa lote likageuka kumtazama. Mimi peke yangu nilibaki nimetazama mbele, nikitabasamu kama mjinga.

Madam Neema aliitazama ile picha iliyosimama kwenye kioo. Kisha akasema polepole, "Na mimi juzi niliwazimia taa bila kuwaambia kitu." Akanigeukia. "Mkude, jiandae. Wodini unakwenda."

Nilimpenda sana mwalimu yule siku hiyo. Ni wachache wanaokubali kufundishwa na filamu yao wenyewe mbele ya wanafunzi.

Nami, mwanangu, nimefundisha kwa filamu mpaka nikastaafu, na sina shaka nazo hata kidogo. Maneno yangu ya saa nzima hayajawahi kuonyesha kile ambacho picha huonyesha mara moja. Kwa hiyo iwashe. Ila kwanza waambie watakachokiona, na uwaambie taa zikiwa zinawaka. Kisha ngoja. Anayetaka kuhama kiti ahame, anayetaka kukuona pembeni akuone. Katika darasa lako yuko aliyezika mtoto, wako mtu na shemeji yake, na hayo hayaandikwi usoni. Picha ikianza, usitoke nje ukachati kana kwamba umepata msaidizi wa kukushikia kipindi. Kaa nao, isimamishe, uliza, na uwe tayari kusikia jibu usilolitegemea. Na mtu akiinuka kutoka, usimtishie mbele ya wenzake. Mfuate baadaye, umsikilize kabla hujamhukumu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe umeme usiokatika siku hiyo na sauti ya upole kwa wanafunzi wako. Na kila mama atakayejifungulia mikononi mwao, popote watakapopangiwa kazi, aulizwe kwanza.