Mama Pazia na Dadu za Nyuma ya Kadibodi

Huyu ni Mama Pazia: binti wa fundi kufuli aliyewafungulia milango nusu ya mtaa, mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto hadi mikono ikakataa, na mke wa mwanangu wa pili. Mapazia ya ukumbi wa mahakama, yale mekundu mazito, ameyashona yeye, na pindo zake hadi leo hazijafumuka. Nayasema haya kwa kuringa. Sikumchagua mimi, lakini ningeulizwa ningemchagua.

Jumapili mchana, meza yake ya kukatia vitambaa hugeuka uwanja wa mchezo. Si karata. Ni mchezo wa kusimuliana: Mama Pazia ndiye msimulizi, na sisi kila mmoja ana mtu wake wa kubuni mwenye namba zake, ya nguvu, ya macho, ya ustadi wa mikono. Jambo likiwa la kubahatisha unarusha dadu, unajumlisha na namba yako, unaambiwa umefaulu au umeumia. Mimi ni mwizi. Msicheke, ni mwizi hodari.

Wachezaji wengine ni wanangu wawili, mkubwa dereva wa lori, mdogo fundi rangi, mumewe Mama Pazia. Baba yao alipokata roho, dereva alikuwa safarini, na mdogo wake akadhani mtu mwingine ameshampigia simu. Kila mtu alidhani hivyo. Dereva alifika tumeshazika. Tangu hapo ndugu hao wakawa wanasalimiana kwa kichwa tu, na mahali pekee walipokaa pamoja ni pale mezani.

"Ndani ya hadithi wanasemeshana, mama," Mama Pazia aliniambia. "Nikiipoteza meza hii, nimewapoteza."

Shida ilianzia kwenye namba ya macho. Akikwambia urushe dadu tujue kama umeona kitu, hata ukikosa umeshajua kitu kipo, na wote tunaanza kupekua kama kuku jalalani. Basi akasimamisha kadibodi, akawa anaturushia dadu yeye mwenyewe nyuma yake, kwa siri. Nilimsifu sana kwa ujanja huo.

Siku hiyo tulikuwa tumeingia, kwenye hadithi, nyumba ya msaga nafaka aliyetoweka. Dereva, ambaye mtu wake ni msaka nyayo, akasema, "Nainua mkeka."

Dadu zikalia nyuma ya kadibodi. "Huoni kitu."

Fundi rangi naye: "Mimi natazamatazama tu humu chumbani."

Zikalia tena. "Wewe unaona mfuniko wa shimo, pale penye mkeka."

Dereva akaweka penseli chini. "Shemeji, mkeka huo nimeuinua kwa mikono yangu miwili."

"Dadu zako zilikuwa ndogo, shemeji."

"Niliziona wapi?"

"Kaka, macho yako tunayajua," fundi rangi akatania. "Juzi si uligonga geti lako mwenyewe?"

Siku nyingine dereva angecheka. "Familia hii," akasema, "mimi ndiye wa kuambiwa mwisho. Hata mchezoni." Akachukua funguo zake, akasimama.



Mama Pazia hakumbembeleza. Aliitoa ile kadibodi akaiweka sakafuni, dadu zikabaki wazi mbele yetu.

"Umesema kweli. Aliyeinua mkeka ameona kilicho chini yake. Nimekurushia dadu kwa jambo ulilokwisha kulifanya." Akafikiri, kidole kikifuata ukingo wa meza. "Dadu ni za jambo lisilojulikana, kama kufuli: lifunguke au lipige kelele watu waamke. Anayetaja pa kutazama, aambiwe. Asiyetaja, namba yake ya macho peke yake, bila dadu, inatosha kusema ameona au hakuona. Siri sitaki tena."

Dereva bado alikuwa wima. Mdogo wake akainua uso.

"Kaka, mfuniko umeuona wewe, si mimi." Akaongeza: "Na siku ile ya baba, wa kukupigia nilikuwa mimi. Sikupaswa kudhani."

Dereva alizitazama funguo zile. Kisha akaketi. "Ungenipigia hata usiku," akasema polepole. "Ningegeuza lori."

"Najua."

Mama Pazia akainuka, akavuta kiti chake nyuma, akazisukuma dadu mbele ya dereva.

"Shemeji, njoo ukae huku. Kilicho chini ya mfuniko ni chako kuanzia leo. Simulia wewe, na mtu yeyote asiachwe bila kuambiwa."